Vitabu gani vya kujiendeleza vimekusaidia kweli, kazini na nyumbani? Sitaki vya kutia moto tu

Karani Mkimya:
Habari zenu wakuu. Nina swali, na naomba wajibu watu waliosoma kweli, siyo wale wa kupiga picha jalada wakatupia status basi. Nimepandishwa kuwa msimamizi wa kitengo chetu, yaani wale niliokuwa napiga nao stori na kumsema bosi kwa pamoja sasa hivi ndo nawagawia kazi na kuwadai ripoti. Aisee siyo mchezo. Meseji zinaingia tangu asubuhi, kila mtu ana jambo lake la haraka, nikirudi nyumbani mwili uko sebuleni kichwa kiko ofisini, mke wangu anaongea mi naitikia "eeh, eeh" halafu akiniuliza amesema nini nabaki kutoa macho.

Vitabu nasoma, tena vingi tu, vile vya amka saa kumi alfajiri, ota ndoto kubwa, jitamkie maneno mbele ya kioo. Ukimaliza jumapili usiku unajiona simba, ikifika jumatano moto umezimika na inbox imejaa kama kawa. Sasa nauliza, kuna kitabu ambacho mtu ukikisoma unapata kitu cha KUFANYA kesho yake? Na kuna kinachosaidia kazini na nyumbani kwa pamoja au kila kimoja kina chake? Halafu mnafanyaje ili mnachosoma kisipotee?

Nahodha77:
Hongera kwa cheo mkuu. Mimi kama ni kuchagua kimoja nakupa The 7 Habits of Highly Effective People cha Stephen Covey, kilitoka 1989, ni cha zamani ila bado kiko vizuri, na kinachonifanya nikipende hakianzi na mbinu za kuwashinda watu, kinaanza na wewe mwenyewe. Tabia tatu za mwanzo ni za kujitawala, tatu zinazofuata ni za kuishi na wenzako, ya saba ni kujinoa, yaani mwili, akili, roho na mahusiano visichakae.

Kuna kitu pale cha duara mbili. Duara kubwa ni mambo yote yanayokuumiza kichwa, duara dogo la ndani ni yale unayoweza kuyafanyia kitu. Chukua karatasi sasa hivi uandike. Bosi kabadilisha mfumo bila kuwauliza, hiyo iko duara la nje. Utawaelezaje vijana wako huo mfumo kesho asubuhi, hiyo ni ya ndani, ni yako. Watu wengi tunashinda duara la nje, tunalaumu mchana kutwa, jioni tumechoka na hatujafanya lolote. Na jingine ni kutofautisha kazi ya haraka na kazi ya maana, maana siyo kitu kimoja, simu inayolia ni ya haraka ila inaweza isiwe na maana yoyote, na kumfundisha kijana wako kuandika ripoti mwenyewe kuna maana kubwa ila hakuna atakayekupigia kelele ukikuacha, kwa hiyo utakuacha mwaka mzima na mwaka mzima utaziandika wewe.

Ila nikuonye, jamaa anazunguka sana, kurasa za mwanzo zinataka moyo. Ukichoka ruka nenda tabia ya 3 na ya 5. Ya 5 ni ya kumwelewa mtu kwanza kabla hujataka wewe ueleweke, hiyo ni ya nyumbani kwako kabisa kwa nilivyokusoma hapo juu.

Bitozi Mstaafu:
Vitabu vya kutajirika vinamtajirisha aliyeviandika. Nimemaliza.

Nahodha77:
Bitozi hakuna aliyeongelea utajiri hapa, soma uzi kwanza.

Bitozi Mstaafu:
Nimesoma mkuu, nimesema tu ili asije akaangukia huko maana ndiko wengi wanakoanzia. Chukua Think and Grow Rich cha Napoleon Hill, 1937. Jamaa anasema tajiri Andrew Carnegie mwenyewe ndo alimpa kazi ya kuchunguza siri za matajiri. Carnegie alifariki 1919, kitabu kinatoka yeye hayupo, utamuuliza nani? Waliokwenda kutafuta ushahidi wa hiyo kazi hawajaukuta nje ya maneno ya Hill mwenyewe. Sisemi hakina la kuokota, nasema usiimeze stori kwa sababu imechapwa.

Fundi Saa:
Hapo kwa Bitozi naongezea kidogo kwa sababu kuna uongo mwingine unazunguka sana kwenye hivi vitabu, ule wa "siku 21 unajenga tabia". Asili yake ni daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21 hivi KWA UCHACHE kuzoea sura mpya. Wakaja waandishi wengine wakaiondoa ile "kwa uchache", na kuzoea pua mpya kukageuka kuwa kujenga tabia yoyote ile. Walipokuja kupima kweli chuo cha University College London, kazi ya Phillippa Lally na wenzake iliyochapishwa 2010, watu 96, kila mmoja akachagua jambo lake la kufanya kila siku, wastani ulikuja siku 66. Na wastani wenyewe unaficha mengi, wa haraka makadirio yake yalikuwa siku 18 na wa mwisho 254. Kwa hiyo ukifika siku ya 22 bado unajisukuma, huna kasoro yoyote, uko njiani.

Na kitu kizuri zaidi kwenye utafiti ule, kuruka siku moja hakukuharibu. Hii ndo watu wangepaswa kuandikiwa ukutani. Mtu anaruka jumanne anasema basi nimeshaharibu, anaacha mpaka mwaka mpya.

Kwa upande wa tabia kitabu ninachompa mtu ni Atomic Habits cha James Clear, 2018. Lugha nyepesi, mambo yanashikika. Anataka tabia unayoitaka ionekane, ivutie, iwe rahisi na ikuridhishe papo hapo, na unayotaka kuiacha uipindue hivyohivyo, ifiche, ifanye ngumu. Mfano wako wa meseji. Usijiambie "nitapunguza simu", hiyo siyo mpango hiyo ni dua. Sema "nikishavua viatu mlangoni, simu naiweka kwenye chaji chumbani". Viatu unavua kila siku, hukumbushwi na mtu, sasa unagandisha jipya kwenye la zamani. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alishayachunguza haya ya "ikitokea hivi nitafanya vile" miaka mingi kabla ya kitabu hiki, na yanafanya kazi kuliko kuweka nia tupu. Clear ameyapanga vizuri tu, na hilo nalo ni kazi.

Pale anaposema ukiongezeka asilimia 1 kila siku kwa mwaka unakuwa bora mara 37, hesabu iko sawa kabisa ila maisha hayaendi kwa riba hivyo. Pita tu.

Mama Wawili:
Kaka Karani, mimi nimekusoma nikacheka hapo kwenye "eeh, eeh", na shemeji yetu pole yake. Wanaume mnajibiwa hapa mambo ya ofisi tu, ngoja niseme ya nyumbani.

Tafuta kitabu cha Marshall Rosenberg kinaitwa Nonviolent Communication. Kizima kinasimama kwenye vitu vinne, sema ulichokiona bila kuhukumu, sema ulivyojisikia, sema unachohitaji, halafu omba jambo moja linalofanyika. Kwa kukisoma hivi kinaonekana cha watoto, ngoja uje kwenye kutumia. Mtu anakuja anasema "wewe hunisikilizagi hata siku moja". Hapo mtu atajitetea tu, atakuletea ushahidi wa lini alikusikiliza, mnaanza kesi. Sasa linganisha na "jana nilipokuwa nakuelezea habari ya mtoto ulikuwa unaangalia simu, niliumia, natamani tulibebe wote hili jambo, leo tukishakula tunaweza kukaa nusu saa bila simu?" Hapo hakuna kesi, kuna ombi, anaweza kukubali au akasema leo siwezi tufanye kesho.

Kinachosumbua watu ni hiyo ya kwanza, kuona bila kuhukumu. "Umechelewa" na "hujali muda" tunaona ni kitu kimoja wakati la kwanza ni saa ya ukutani na la pili ni kesi ya moyoni mwa mtu. Na angalizo, ukiongea vilevile kama kitabu kilivyoandikwa utasikika kama mashine ya benki, watoto wangu walishaniambia "mama ongea kawaida". Kwa hiyo shika mpangilio, maneno tumia ya nyumbani kwenu.

Cha Dale Carnegie cha 1936, How to Win Friends, nacho kina mazuri yake, huyo bwana alikuwa anafundisha watu wazima kuongea mbele za watu na kitabu kikatokea humo humo darasani, ndo maana mifano imejaa. Kuhusu kutoshinda mabishano yuko sahihi sana. Ila kuna watu wanakitumia kama mtego, wanakuita jina lako kila sentensi wanakusifia shati, unajua kabisa huyu katoka kusoma.

Karani Mkimya:
Dah, madini haya. Mama Wawili umenipiga kwenye mshono, nitamsomea mke wangu hiyo comment (au nisimsomee, tutaona). Fundi Saa ile ya viatu naanza leo leo.

Bado mzigo wangu mkubwa ni kichwa kujaa. Yaani nimelala saa sita usiku nakumbuka kuna mtu sijamjibu, nakumbuka kuna fomu haijasainiwa, nakumbuka vyote isipokuwa usingizi. Hii ina kitabu?

Tarishi:
Ina kitabu. Getting Things Done cha David Allen, 2001. Mimi huwa sichangii sana humu ila hiki kimenibeba kazini muda mrefu ngoja nieleze.

Hoja yake ni kwamba kichwa ni mahali pa kufikiria, siyo stoo. Ukikifanya stoo kitakukumbusha fomu saa sita usiku wakati huwezi kuisaini. Kwa hiyo unakaa chini unamwaga VYOTE, kazini na nyumbani, kuanzia ripoti mpaka bomba linalovuja, kwenye sehemu moja unayoiamini, daftari au simu haijalishi. Wengi wanaishia hapo wanapata orodha ndefu inayotisha halafu hawaifungui tena.

Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo. Kila ulichoandika unakiuliza hatua inayofuata ni ipi, ya mikono na miguu. Tuseme umeandika "ripoti ya robo mwaka". Hiyo haifanyiki. Huwezi kukaa ukaifanya "ripoti ya robo mwaka", ndo maana unaiangalia unafungua kitu kingine. Kinachofanyika ni "kumpigia mtu wa mahesabu anipe takwimu za mwezi wa tatu". Ukiandika hivyo mkono wenyewe unakwenda kwenye simu. Kama hatua inachukua chini ya dakika mbili ifanye hapohapo usiiandike, kuiandika kunakula muda kuliko kuifanya. Kama ni ya mtu mwingine mpe na uandike kwamba unasubiri kwake, hiyo orodha ya "nasubiri" kwa msimamizi kama wewe ni dhahabu, badala ya kukimbia na kuuliza watu "ile kitu vipi" unajua kabisa nani ana nini tangu lini.

Na mara moja kwa wiki unapitia yote. Ukiruka hii mfumo unakufa, ndani ya wiki chache kichwa kinaacha kuuamini kinarudi kukukumbusha usiku. Mimi napitia ijumaa kabla sijatoka ofisini ili wikiendi iwe wikiendi.

Kitabu chenyewe kimejaa mafaili ya karatasi na makabati, utacheka, ruka hizo sehemu.

Fundi Saa:
Nakazia kwa Tarishi. Na ukishamaliza hicho, cha Cal Newport, Deep Work, 2016, kinaeleza kwa nini ukijibu meseji katikati ya kazi ngumu unarudi umepoteza uzi. Anamtegemea mtafiti Sophie Leroy ambaye 2009 alionyesha kwamba ukihama kazi kabla haijaisha, sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka. Haya ya "mwili sebuleni kichwa ofisini" ni ndugu mmoja na hilo. Newport ana kautaratibu ka kufunga siku, unaangalia kilichobaki, unakipangia lini, unajitamkia siku imefungwa. Nilikaona ka kijinga nikasita, ila kanafanya kazi yake.

Kijukuu:
Samahani nitaharibu sherehe kidogo. Nyie wote mnamrekebisha Karani kana kwamba yeye ndo mbovu. Hakuna aliyemuuliza kitengo chake kina watu wangapi na kazi ni za watu wangapi. Kama amepewa cheo na kazi zake za zamani hazijapewa mtu mwingine, kitabu gani kitasaidia? Ataamka mapema, ataandika orodha, atafunga siku kwa utaratibu, na bado kazi za watu watatu zitabaki za watu watatu. Hii ndo kasoro ya hivi vitabu vyote, kila tatizo ni la mtu binafsi. Samuel Smiles aliandika kitabu kinaitwa Self-Help kule Uingereza mwaka 1859, na watu walimlaumu kwa hilo hilo la kusisitiza jitihada ya mtu mmoja mmoja, mpaka leo mtindo ni uleule.

Kama ni kusoma, asome Four Thousand Weeks cha Oliver Burkeman, 2021. Mtu akiishi miaka 80 ana kama wiki 4,000 tu, kwa hiyo kumaliza kila kitu haiwezekani na haitawezekana, unachagua utakachokiacha. Na ukijibu meseji haraka unachopata ni meseji nyingi zaidi, watu wakishajua unajibu wanazidi kuleta.

Tarishi:
Kijukuu una hoja ila orodha ndo inayokupa ushahidi wa kwenda nao kwa bosi. Bila orodha unakwenda unasema "nimezidiwa", anakuambia jipange. Ukiwa na orodha unaiweka mezani, hizi hapa, nianze na ipi na ipi ife?

Kijukuu:
Kama bosi ni wa kusikiliza. Wangu atasema zote ni za kwanza.

Nahodha77:
Basi hapo siyo kitabu tena, ni kutafuta kazi nyingine 😀

Mama Wawili:
Watu wana familia Nahodha, siyo rahisi hivyo kuacha kazi.

Bitozi Mstaafu:
Mleta uzi aliuliza pia asisahau anachosoma, mmemruka. Jibu ni fupi. Acha kupiga mistari ya rangi. Ukimaliza chapta funga kitabu, karatasi tupu, andika ulichokumbuka bila kuchungulia, ndipo ufungue uone ulichoacha. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walipima hii 2006. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma ndo waliokuwa mbele, wiki moja baadaye waliojipima ndo walikumbuka zaidi. Ndo maana kusoma tena tena kunadanganya, kunakupa raha ya kujua wakati hujui.

Fundi Saa:
Bitozi leo umetuacha, kumbe unasoma.

Bitozi Mstaafu:
Sijawahi kusema sisomi. Nilisema siamini.

Karani Mkimya:
Wakuu asanteni sana. Kijukuu umegusa penyewe, kazi zangu za zamani hazijapewa mtu, bado nazifanya mimi. Kwa hiyo naanza na cha Allen, nimwage vyote, niipeleke orodha juu, cha Burkeman kitafuata. Cha Rosenberg mke wangu amesema anakisoma yeye kwanza 😅

Sasa nisaidieni hili la haraka. Kuna kijana wangu ripoti zake hazifiki kwa wakati, tulikuwa marafiki kabla ya cheo, kesho nakaa naye. Nimeandika hivi: "Ndugu yangu, kila mara ripoti zako zinachelewa na unaniangusha mbele ya uongozi, mimi najisikia vibaya, nahitaji uwe serious zaidi." Iko sawa?

Mama Wawili:
Toa "kila mara", toa "unaniangusha", na "uwe serious" siyo ombi, atakujibu sawa bosi na hakuna kitakachobadilika. Taja mbili zilizochelewa na siku zake. Kisha mwambie kilichotokea upande wako, mfano ulikaa mpaka usiku kuzimalizia. Halafu muulize kinachomkwamisha, unyamaze. Unyamaze kweli kaka, usimjazie jibu. Huenda naye kazi zake za zamani bado anazo. Mwisho mkubaliane ijayo inafika lini na saa ngapi.

Tarishi:
Na ikaandikwe kwenye "nasubiri".

Nahodha77:
Kaa naye pembeni mkiwa wawili tu, usije ukamwandikia kwenye grupu la kazi.

Karani Mkimya:
Nilikuwa nataka kuiweka kwenye grupu. Naifuta.